Treni ya Pugu na dakika kumi za dalali

*"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja Upanga, mume wangu ni mhasibu, ofisi yake iko Posta. Tumepanga Tabata Segerea na watoto watatu: wa kwanza ana miaka 9, wa pili 6 naye ana pumu, wa mwisho 2. Foleni imetumaliza. Kuna wiki nzima namkuta mdogo ameshalala. Tumeweka akiba ya milioni 18. Dalali ametuonyesha kiwanja Pugu cha milioni 12, anasema kimepimwa na ni dakika kumi tu hadi stesheni. Mume wangu anaona bora twende mbali kabisa, Soga au hata Morogoro, maadamu SGR ipo. Shemeji yangu anasema tusithubutu kutoka mjini. Tunataka mahali patulivu pa kulea watoto, na treni ya kutupeleka kazini. Tuchague wapi?"*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni yule mtoto anayelala kabla hujafika. Kiwanja ni jambo la pili. Mnazitafuta saa mbili za jioni ambazo foleni imewapokonya, na treni inaonekana ndiyo itakayozirudisha. Inaweza kuzirudisha kwa baadhi ya familia. Kwa yenu, yenye muuguzi wa zamu na watoto wadogo, itategemea mambo ambayo dalali hakuyataja, kwa sababu hayamhusu.

Nianze na neno lenyewe, treni. Watu wa Dar tukisema "treni ya Pugu" tunachanganya vitu viwili. Kuna ile ya reli ya zamani, tuliyoizoea kwa jina la treni ya Mwakyembe, kwa kuwa ilianza Oktoba 2012 Dkt. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi. Ilianzia njia ya Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na upande wa TAZARA, reli ya kwenda Zambia, hadi Mwakanga; safari za Pugu zilikuja baadaye. Hiyo ni treni ya watu wa kazini: asubuhi inawaleta, jioni inawarudisha. Halafu kuna SGR, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Nayo husimama Pugu, kisha Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Baba watoto anaifikiria hii ya pili kana kwamba inafanya kazi ya ile ya kwanza. Ndipo penye kosa, na si kosa lake peke yake. Tangu 2024 nimelisikia kwenye kila kikao cha harusi ninachokaa.

SGR imejengwa kwa ajili ya msafiri. Treni nzito inayokimbia hadi kilomita 160 kwa saa inahitaji umbali mrefu kushika mwendo na umbali mrefu kusimama. Kila kituo unachoongeza kinakula dakika za mtu wa Dodoma, kwa hiyo vituo huwekwa mbalimbali, na treni za haraka huviruka vile vidogo. Linganisha na daladala inayosimama kila "shusha!" utaona ni biashara mbili tofauti. Tena SGR ina tiketi yenye jina na namba ya kiti, ina ukaguzi wa mizigo, ina kufika mapema ili lango lisifungwe mbele yako. Kwa safari ya Dodoma, nusu saa ya kusubiri si kitu. Kwa safari ya Pugu, unaweza kusubiri muda mrefu kuliko muda wa kuwa ndani ya behewa.

Treni ya zamani haina mbwembwe hizo, lakini ina ufinyu wake. Reli ni moja. Treni mbili zinazokutana uso kwa uso haziwezi kupishana popote ila kwenye stesheni yenye njia ya pembeni, na reli hiyohiyo hubeba mizigo na treni za bara. Halafu asubuhi watu wote wanaelekea mjini. Treni ikigeuza kurudi Pugu inakwenda karibu tupu huku ikichoma dizeli. Ndiyo maana mwendeshaji hupanga safari chache asubuhi na chache jioni, na katikati ya mchana kimya. Hilo halitabadilika kwa kulalamika. Hivyo ndivyo reli ya njia moja inavyofanya kazi, hapa na kwingineko.

Sasa liweke hilo juu ya maisha yenu. Baba watoto anaingia ofisini asubuhi na kutoka jioni, siku hizohizo kila wiki. Treni ya asubuhi na ya jioni inamfaa kabisa. Wewe je? Ukitoka zamu ya mchana saa 9 na nusu alasiri, utasubiri treni ya jioni ukiwa umeketi Stesheni, au utapanda daladala na kurudi kwenye foleni ileile mliyoikimbia. Ukitoka zamu ya jioni, usiku umeshaingia. Ukiwa wa zamu ya usiku, asubuhi unapotoka wewe treni inaingia mjini, na unahitaji ya kwenda upande wa pili. Jumapili na sikukuu, ambazo hospitali haizijui, ratiba ya treni ya wafanyakazi ndiyo hupunguzwa kwanza. Kwa hiyo nyumba yenu ina msafiri mmoja wa treni, hata mkijenga kando ya stesheni.

Ndiyo sababu huwaambia watu waulize treni ya mwisho kabla ya kuuliza ya kwanza. Ya kwanza kila mtu anaijua, kwa kuwa ndiyo inayomtoa mtu kitandani. Ya mwisho ndiyo itakayoamua kama utakula na wanao. Na swali linalofuata ni hili: siku treni isipokuja, nafikaje? Maana ziko siku hizo. Injini huharibika, mvua huondoa kokoto chini ya reli, umeme hukatika. Wengi tunakumbuka 2024, SGR ikiwa na wiki chache tu, Shirika la Reli (TRC) lilipoeleza kwamba hitilafu ya umeme ilihusisha ngedere na bundi. Tulicheka sana, lakini yule aliyekuwa na mtoto wa kumchukua shuleni hakucheka. Mahali pazuri pa familia ni pale ambapo treni isipokuja unachelewa. Pakiwa ni pale ambapo isipokuja hufiki kabisa, hapo hapafai.

Kwa kipimo hicho Pugu inapita kwa shida kidogo, Soga haipiti. Pugu na Gongo la Mboto zina Barabara ya Nyerere, zina daladala tangu alfajiri hadi usiku, na njia ya mabasi ya mwendokasi ya awamu ya tatu ilipangwa kufika Gongo la Mboto. Soga iko wilaya ya Kibaha, kama kilomita 51 kwa reli, mbali na Barabara ya Morogoro. Treni ikikuacha Soga, huna daladala ya kuelekea Upanga inayokusubiri. Kwa nauli za SGR ambazo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilitangaza 2024, daraja la kawaida, mtu mzima alilipa 1,000 hadi Pugu, 4,000 hadi Soga na 13,000 hadi Morogoro. Piga hesabu ya siku 22 za kazi, kwenda na kurudi: Pugu ni 44,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja, Soga 176,000, Morogoro 572,000. Ninyi ni wawili. Morogoro ni mji mzuri, una hewa ya mlima na mboga za bei ya chini, lakini zaidi ya milioni moja na laki moja kwa mwezi kwa tiketi tu ni kodi ya nyumba nzuri sana papo hapo Dar. Morogoro tuiache hadi mmoja wenu apate kazi Morogoro.

Turudi kwenye dakika kumi. Dakika za dalali ni dakika za bodaboda, wakati wa kiangazi, saa 8 mchana, na dereva asiyeogopa kifo. Wewe pima mlango kwa mlango. Tuseme dakika 15 kutoka nyumbani hadi stesheni, 25 za kusubiri na kukaguliwa kama ni SGR, kama 20 au zaidi ndani ya treni, kisha kutoka Stesheni hadi Posta mguu dakika 15. Hiyo ni saa moja na robo, na wewe bado hujafika Upanga. Ikiwa leo kutoka Segerea mnatumia saa moja na nusu, mmeokoa robo saa na kuhamia mbali zaidi. Ikiwa mnatumia saa mbili na nusu, hadithi ni nyingine. Siwezi kukupigia hesabu hiyo kutoka hapa. Andikeni wiki mbili mfululizo: mmetoka saa ngapi, mmefika saa ngapi.

Nikiishia kwenye reli nitakuwa nimejibu nusu tu, maana uliuliza mahali pa kulea watoto, na watoto hawaendi Posta. Mtoto wa miaka 6 anaishi ndani ya duara dogo: nyumbani, shuleni, dukani kwa mangi, kwa rafiki, zahanati. Duara hilo likiwa salama na fupi, mahali hapo panafaa familia hata kama mzazi anahangaika njiani. Likiwa baya, treni haimsaidii chochote. Na kosa ninaloliona zaidi kuliko yote, kwa watu wenye elimu zao, ni kuhamia pembeni ya mji huku watoto wakibaki shule ya zamani "mpaka amalize darasa la saba". Hapo mmemhamishia foleni mtoto. Basi la shule litampitia saa 11 alfajiri, atasinzia darasani, atarudi giza limeingia. Au atagombania daladala na konda asiyetaka wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mwanangu wa kwanza mwaka mzima kabla sijashtuka, na kazi yangu ndiyo hiihii ya kuwashauri wengine. Mkihama, shule nazo zihame. Kama huko mnakokwenda hamjaona shule ambayo mngempeleka kwa moyo mweupe, basi bado hamjapata mahali.

Nenda kaione hiyo shule siku ya kawaida. Uliza wako wangapi darasani, maana pembezoni mwa Dar watu huongezeka haraka kuliko madarasa. Kisha angalia iko upande gani wa reli. SGR imezungushiwa uzio na watu huvuka kwenye vivuko maalumu. Shule unayoiona kwa macho ng'ambo ya uzio inaweza kuwa safari ndefu ya kuzunguka. Reli ya zamani haina uzio wa maana, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu watoto huifanya njia ya mkato. Ukiweza, pata nyumba na shule upande mmoja.

Kuhusu mwanao mwenye pumu, wewe ni muuguzi na unajua kuliko mimi kinachomwamsha usiku. Ninachoweza kuongeza ni jiografia. Pugu Kinyamwezi kuna dampo kuu la Jiji. Harufu yake, na moshi siku taka zinaposhika moto, hufuata upepo, na upepo wa Dar hubadilika: kuna miezi ya kusi na miezi ya kaskazi. Kiwanja ulichokiona Januari kinaweza kuwa kitu kingine Julai. Barabara za ndani nyingi ni za vumbi. Kwa upande mwingine, sehemu zilizo karibu na msitu wa Pugu zina hewa ambayo Segerea hamjaionja siku nyingi. Kwa hiyo neno "Pugu" peke yake halikuambii kitu. Uliza ni Pugu ipi, na upande gani wa dampo. Mwonyesheni mtoto kwa daktari wake kabla ya kulipa, mumweleze mnakotaka kwenda.

Maji: usiulize kama bomba lipo, uliza jirani maji yalitoka lini mara ya mwisho. Barabara: nendeni katikati ya masika. Mto Msimbazi ule unaozamisha Jangwani unaanzia vilima hivi vya Pugu, na maji yanapoteremka hukata njia ndogo kabla hayajafika mjini.

Sasa kiwanja. "Kimepimwa" ni neno lenye sura nyingi. Linaweza kuwa na maana ya mchoro ulioidhinishwa wenye namba ya kiwanja na kitalu, au kijana mmoja aliyepita na futi kamba. Mwambieni muuzaji awape namba hizo, kisha mzipeleke wenyewe Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, idara ya ardhi, bila dalali, mkaangalie kama zipo, zimesajiliwa kwa jina la nani, na eneo limepangiwa matumizi gani. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unathibitisha kwamba mwenyekiti aliwaona mkilipana. Hauthibitishi kwamba muuzaji ana haki ya kuuza. Kama muuzaji ana mke au mume, mwenza huyo aridhie na atie saini. Mkienda Soga huenda mkakutana na ardhi ya kijiji, ambayo ina sheria yake, ile Namba 5 ya 1999, na huko bila idhini ya halmashauri ya kijiji mnanunua kesi.

Na kwa kuwa mnakitaka kilicho karibu na stesheni, kuweni waangalifu maradufu na hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi kando ya reli usioruhusiwa kujengwa. Kiwanja cha karibu sana kinaweza kuwa ndani yake. Watu wa Kimara hadi Kiluvya hawahitaji kuelezwa: 2017 nyumba zilibomolewa kupisha hifadhi ya Barabara ya Morogoro, mita 121.5 kila upande, na wengi walikuwa wamejenga kwa miaka. X nyekundu inayochorwa kwenye nyumba ya kubomolewa haiulizi ulilipa kiasi gani. Majirani zetu wa Nairobi nao wana lao. Novemba 2011 nyumba za watu zilibomolewa Syokimau kwa mgogoro wa ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Novemba 2012, mwaka mmoja baadaye, Rais Kibaki akafungua stesheni mpya ya treni ya kwenda mjini papo hapo Syokimau, na bei za viwanja zikashika kasi. Treni hupandisha bei ya ardhi nzuri na ya mgogoro kwa pamoja, kwani mnunuzi mwenye haraka hatofautishi.

Hapa mtahitaji watu wa kukutana nao ana kwa ana, sitawadanganya kwamba jibu langu linatosha: mpima ardhi mwenye leseni aende na kifaa chake akahakiki mipaka, na wakili aandike mkataba. Gharama zao zitaumiza, lakini ni sehemu ndogo ya milioni 12. Kama dalali anakasirika mkiwataja, mmeshapata jibu bila kulipa hata senti.

Shemeji yako amekosea kusema msithubutu, ila ana hoja ambayo hakuitamka: akiba ya 18, kiwanja 12, zinabaki 6. Milioni sita hazijengi nyumba ya watu watano. Mtakuwa na kiwanja Pugu na kodi Segerea, na foleni palepale, kwa miaka kadhaa. Hamjanunua jioni zenu, mmenunua ndoto ya jioni.

Ningekuwa mimi, nisingenunua mwaka huu. Ningepanga nyumba, Ukonga, Gongo la Mboto au Pugu yenyewe, karibu na shule mliyoipenda, kwa miezi sita inayojumuisha masika. Muhula ukianza, watoto waanze huko. Baba watoto apande treni kila siku, wewe upande daladala kulingana na zamu, na ukiweza umwombe msimamizi wako akupangie zamu zinazofuatana badala ya kurukaruka; hilo peke yake huenda likakurudishia jioni nyingi kuliko reli. Jirani mtakayekaa naye miezi sita atawaambia viwanja vyenye kesi ni vipi, bila ada ya udalali. Ikifika Juni mkiwa bado mnapapenda, akiba itakuwa imeongezeka, na mtanunua mahali ambapo mmeshalala na mvua yake.

Kama mtoto wa pumu atasumbuka au zamu zako hazitapangika, rudini upande wa mjini bila aibu: Buguruni, Ilala, hata Tabata ya karibu na barabara kuu. Nyumba itakuwa ndogo, kelele zitakuwepo, na utafika kabla mdogo hajalala.

Kwa kuanzia, Jumatatu ijayo baba watoto aamke Segerea saa 10 alfajiri, aende Pugu, apande treni kama mkazi wa huko, na jioni arudi nayo. Afanye hivyo siku tano. Kabla hajaondoka stesheni siku ya kwanza, amuulize mkuu wa kituo treni ya mwisho ni saa ngapi Jumamosi, na kama Jumapili ipo. Kisha uniandikie tena, uniambie baba watoto alisema nini Ijumaa.